Chumvi hutokaje kwenye tope na kuingia kwenye maji baridi?

Ukitoka Ifakara kuelekea Mlimba, ukishazipita Mbingu na Mngeta, unafika Chita. Kulia kwako imesimama milima ya Udzungwa, kushoto bonde limelala hadi macho yanachoka. Vijito vinavyoshuka mlimani vinaingia mashambani, vinapita kwenye majaruba ya mpunga, kisha vinaishia kwenye Mto Kilombero. Maji yake ni matamu. Mkulima wa Chita ana malalamiko mengi (ndege, bei, barabara ya masika) lakini chumvi haimo kwenye orodha.

Sasa kwa nini tuzungumzie chumvi tukiwa hapa?

Kwa sababu maji haya hayaishii Kilombero. Mto huu unakutana na Luwegu na kuzaliwa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji yanatokana na Kilombero. Maji hayo yanashuka hadi delta, mahali ambapo watu wamekuwa wakifyeka mikoko na kulima mpunga kwenye tope ambalo bahari imelilowesha kwa miaka na miaka. Kila masika maji baridi kutoka huku juu yanafika kule chini na kulala juu ya tope la chumvi. Mkulima wa kule hana budi kuamua: nipandikize leo au nisubiri? Maji haya niyaache jarubani au niyafungulie yaende?

Jibu lake linategemea jambo moja: chumvi iliyomo ndani ya tope inapandaje kuingia kwenye maji yaliyo juu yake, na inatumia muda gani? Twende taratibu.

Tope ni maji pia

Chukua tope la jaruba mkononi. Linaonekana kitu kimoja, lakini nusu yake au zaidi ni maji yaliyokaa kwenye nafasi ndogondogo kati ya chembe za udongo. Chumvi haijakaa kwenye tope kama punje za chumvi ya mezani. Imeyeyuka ndani ya maji hayo. Kwa hiyo tunaposema "tope la chumvi" tunazungumzia maji ya chumvi yaliyofungiwa katikati ya chembe za mfinyanzi na mchanga.

Juu yake tunaweka maji baridi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Maji yenye gramu 20 za chumvi kwa lita, yaani zaidi kidogo ya nusu ya chumvi ya bahari, yana uzito wa takriban asilimia 1.5 zaidi. Unaweza kuona ni kidogo, lakini linganisha na joto: maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 35 hupungua uzito kwa takriban asilimia 0.3 tu. Kwa hiyo hata jua la saa saba mchana likilipasha tope, maji ya chumvi ya chini hayawezi kupinduka na kupanda juu kama maji ya sufuria yanayochemka. Yatabaki chini.

Ukiishia hapo utasema: basi chumvi haipandi. Kumbe inapanda, ila kwa njia nyingine.

Kijana na mirija yake

Molekuli za maji na ioni za chumvi hazitulii. Zinagongana na kusukumana muda wote, kila moja ikienda ovyo upande wowote. Hakuna ioni inayojua kwamba juu kuna maji baridi. Lakini kama chini ziko elfu na juu ziko kumi, zile zinazoyumba kwenda juu kwa bahati tu zitakuwa nyingi kuliko zinazorudi. Ukijumlisha yote, unaona chumvi inasafiri kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo chache. Huu ni usambaaji, au difusheni kama wanavyosema maabara.

Mwaka 1850 mkemia Thomas Graham, mzaliwa wa Scotland, alieleza majaribio ambayo ungeweza kuyafanya jikoni: aliweka maji ya chumvi kwenye chupa, akaizamisha ndani ya chombo kikubwa cha maji safi, akapima ni chumvi kiasi gani imetoka baada ya siku kadhaa. Miaka mitano baadaye, 1855, Adolf Fick, kijana Mjerumani aliyekuwa anafanya kazi ya anatomia huko Zürich, aliandika kanuni yenyewe. Yeye alitumia mirija iliyosimama wima, chini kuna chumvi ya mawe inayoyeyuka, juu kuna maji baridi. Ukiifikiria vizuri, ile mirija ilikuwa jaruba dogo la kioo.

Kanuni ya Fick inasema hivi: chumvi inayopita kwenye eneo fulani kwa muda fulani inalingana na ukali wa mteremko wa ukolezo. Fikiria mteremko wa kawaida. Maji hukimbia zaidi palipo na mwinamo mkali. Chumvi vilevile: kama ukolezo unashuka kutoka gramu 20 hadi sifuri ndani ya sentimita 1, inasafiri kwa kasi mara kumi kuliko ukishuka kiasi hichohicho ndani ya sentimita 10.

Ndani ya tope kuna kikwazo kingine. Ioni haiwezi kwenda moja kwa moja, lazima izunguke chembe za udongo kwa njia ya kona kona. Ndiyo maana kwenye tope chumvi inasambaa polepole kuliko kwenye maji matupu.

Hesabu inayoshangaza

Hapa ndipo penyewe. Muda wa usambaaji haukui sawasawa na umbali, unakua na mraba wa umbali. Umbali ukizidishwa mara 10, muda unazidishwa mara 100.

Kwa tope la kawaida, chumvi inahitaji takriban:

- saa 14 kusambaa sentimita 1
- siku 58 kusambaa sentimita 10
- zaidi ya miaka 15 kusambaa mita 1

Soma tena hiyo orodha. Sentimita moja ni kuanzia jioni hadi asubuhi. Sentimita kumi ni karibu miezi miwili, nusu ya msimu wa mpunga. Mita moja, mtoto aliyezaliwa leo atakuwa sekondari.

Kwa maneno ya mkulima: ukilaza maji baridi juu ya tope la chumvi na ukawa unayabadilisha, baada ya siku 10 umepunguza chumvi kwenye sentimita 4 hivi za juu. Baada ya mwezi, sentimita 7. Chini ya hapo tope liko karibu na lilivyokuwa.

Na maji yenyewe ya juu yanakuwaje? Tufanye hesabu ya kukadiria. Chukua tope ambalo maji yake ya ndani yana gramu 20 za chumvi kwa lita, na ukolezo unashuka hadi karibu sifuri ndani ya sentimita 5 za juu. Kila mita ya mraba itatoa takriban gramu 20 za chumvi kwa siku. Kama umelaza maji ya kina cha sentimita 10, hizo ni lita 100 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo maji yanaongezeka gramu 0.2 kwa lita kila siku. Baada ya siku 10 yanakaribia gramu 2 kwa lita.

Mteremko hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo usiichukue namba hii kama sheria. Lakini angalia ilipoangukia. Mpunga huanza kupoteza mavuno pale maji yanayozunguka mizizi yanapofikia desisimensi 3 kwa mita, ambazo ni takriban gramu 2 kwa lita. Kila desisimensi inayoongezeka juu ya hapo inapunguza mavuno kwa takriban asilimia 12. Yaani maji uliyoyapokea yakiwa matamu, yakilala wiki moja na nusu juu ya tope baya, yenyewe yanaanza kuwa mabaya.

Halafu ongeza jua. Milimita 5 za maji zikipotea hewani kila siku, siku 10 ni sentimita 5. Nusu ya maji imeondoka, chumvi yote imebaki. Gramu 2 zimekuwa 4.

Hapo ndipo yale maswali mawili ya mwanzo yanapoanza kupata jibu. Maji yaliyolala muda mrefu juu ya tope la chumvi si akiba. Yameshafanya kazi ya kubeba chumvi, sasa yanatakiwa kuondoka nayo, mradi kuna mengine baridi ya kuingia. Ukiyaacha mpaka yakauke, chumvi inarudi palepale ilipotoka.

Mbona kuna chumvi inayopanda haraka?

Utaniuliza: kama usambaaji ni wa polepole hivyo, mbona maji ya kwanza ya mvua kwenye shamba la chumvi huwa makali siku hiyohiyo?

Kwa sababu usambaaji ni njia moja tu. Ziko nyingine tatu, na zote zina kasi kuliko hiyo.

*Ya kwanza ni ukoko wa kiangazi.* Tope likikauka, maji ya chini hupanda kwenye vinafasi vya udongo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Yanafika juu, yanageuka mvuke, chumvi inabaki. Siku baada ya siku unapata unga mweupe juu ya ardhi. Mvua ya kwanza ikinyesha, unga huo unayeyuka kwa dakika chache.

Watu wa Afrika Mashariki walijua kuitumia njia hii zamani sana. Kule Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wana mashamba ya chumvi: wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, jua linavuta chumvi hadi kwenye udongo ule, kisha wanaukwangua, wanauchuja kwa maji na kuyachemsha. Hapa kwetu, Ivuna karibu na Ziwa Rukwa na Uvinza kule Kigoma, waakiolojia wamekuta mabaki ya utengenezaji wa chumvi wa karne nyingi zilizopita. Wote hao walikuwa wanaisaidia chumvi itoke ardhini. Mkulima wa mpunga anashughulika na mwendo uleule, ila yeye anataka imwondokee.

*Ya pili ni maji yanayotembea ndani ya tope.* Mahali ambapo maji ya ardhini yanasukuma kutoka chini, au bahari inapopwa na kujaa mara mbili kwa siku, maji ya ndani ya tope yanasogea na kubeba chumvi yake. Delta ina msaidizi mwingine: kaa. Kila shimo la kaa ni bomba. Maji yanaingia na kutoka humo, na chumvi iliyokuwa sentimita 30 chini inajikuta iko sentimita 2 tu kutoka kwenye ukuta wa shimo. Umeona ujanja? Umbali umepungua mara 15, muda umepungua mara 225.

*Ya tatu ni kuvuruga.* Pawatila, jembe, ng'ombe, miguu ya watu. Ukivuruga tope lenye maji kwa kina cha sentimita 10, unafanya kwa asubuhi moja kazi ambayo usambaaji ungeifanya kwa miezi miwili. Chumvi yote ya tabaka lile inachanganyika na maji ya juu, na hapo unaweza kuyatoa.

Kinachofanyika shambani

Tukiunganisha haya, utaona kwa nini wataalamu wa udongo wanashauri mambo fulani kwenye mashamba yenye chumvi, na kwa nini mpangilio wake una maana.

Maji ya kwanza ya mvua usiyafungie jarubani. Yamebeba ukoko wa kiangazi chote. Yaache yaende.

Baadaye jaza, vuruga, acha tope litulie, ndipo utoe maji. Usiyatoe yakiwa bado machafu, maana utakuwa unamwaga na rutuba. Kisha jaza tena maji baridi. Mizunguko miwili mitatu ya namna hii inasafisha tabaka la juu, na ndilo tabaka linalokaa mizizi ya miche. Na miche ndiyo inayoumia haraka. Mpunga huwa dhaifu mbele ya chumvi unapokuwa mchanga na tena unapochanua. Katikati unavumilia zaidi.

Lakini usijidanganye kwamba kupitisha maji juu kunasafisha shamba zima. Ile hesabu ya mraba inakataa. Ukitaka kuondoa chumvi ya sentimita 50 au mita moja, maji lazima yapite *ndani* ya udongo yakishuka chini, na chini kuwe na mfereji wa kuyapokea. Kwa makadirio yanayotumika sana, maji ya kina cha mita 1 yakipenya kwenye udongo wa kina cha mita 1 huondoa takriban asilimia 80 ya chumvi yake. Bila mfereji wa kutolea maji, chumvi haina pa kwenda. Inashuka masika, inapanda kiangazi.

Kuna tahadhari pia kwa udongo wa magadi, ambao tatizo lake kubwa ni sodiamu iliyoshikamana na mfinyanzi. Ukiumwagia maji baridi tu, chembe za mfinyanzi zinatawanyika, zinaziba vinafasi, na maji hayapenyi tena. Hapo inahitajika jasi kwanza, kwa sababu kalsiamu yake inachukua nafasi ya sodiamu. Jasi tunayo, inachimbwa Makanya, wilaya ya Same.

Ziwa linalotegemea ucheleweshaji huu

Kuna mahali ambapo tunaomba chumvi isipande haraka. Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, lina kina cha mita 485. Chemchemi za maji ya chumvi yenye joto zinaingia kwa chini, kwa hiyo maji ya kilindini yana takriban gramu 6 za chumvi kwa lita, mengi kuliko ya juu. Yakiwa mazito hivyo yanabaki chini, pamoja na gesi zilizoyeyuka ndani yake: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani.

Joto husambaa kwenye maji kwa kasi karibu mara 100 kuliko chumvi. Tofauti hiyo ya mwendo imeligawa ziwa katika mamia ya ngazi nyembambanyembamba, na kila ngazi inapunguza kasi ya vitu kupanda. Watu wa Goma, Gisenyi na Bukavu wanaishi juu ya kifuniko kilichotengenezwa na kanuni ileile ya Fick: chumvi, ikiachwa bila kuvurugwa, haina haraka.

Jaribu mwenyewe

Kata sehemu ya juu ya chupa ya maji ya lita 1.5 inayopitisha mwanga. Weka mchanga safi wa sentimita 5, uloweshe kwa maji uliyokoleza chumvi vijiko viwili vikubwa na kutia rangi ya chakula. Weka kijiko juu ya mchanga, kisha mimina maji baridi juu ya kijiko hicho taratibu sana ili usivuruge. Fanya chupa mbili. Moja iache mezani, nyingine ivuruge kwa kijiti. Angalia rangi kila siku kwa wiki moja. Rangi na chumvi hazisambai kwa kasi sawa kabisa, ila utaiona tofauti ya kuvuruga na kuacha bila kuambiwa na mtu.

Ila tumia mchanga uliouosha na maji ya nyumbani. Maji ya jarubani usiyaonje wala kuyashika ovyo kwa ajili ya jaribio, kichocho kipo.

Kwa hiyo Chita inaingiaje?

Kwa namna mbili. Kwanza, hata maji matamu yana chumvi kidogo. Tuseme mfereji unaleta maji yenye gramu 0.1 tu kwa lita, ambayo ulimi hauwezi kuitambua. Ukiingiza kina cha mita 1 kwa msimu kwenye hekta moja, umeingiza meta za ujazo 10,000 na kilo 1,000 za chumvi. Tani nzima. Bonde la Kilombero limekuwa salama kwa sababu mvua ni nyingi na mafuriko yanaliosha na kuondoka. Tunapojenga kingo na skimu za umwagiliaji ili maji yasituzidi, mfereji wa kutolea upewe heshima sawa na mfereji wa kuingizia.

Pili, maji yanayotoka hapa ndiyo sabuni ya delta. Tangu Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, kiasi cha maji baridi yanayofika chini na wakati yanapofika vinategemea pia uamuzi wa watu, pamoja na mvua. Mkulima wa delta anahitaji maji mengi mwanzoni mwa msimu, yanayoingia na kutoka, kabla miche haijaingia tope. Jumla ya maji ya mwaka inaweza kuwa ileile, lakini yakichelewa mwezi mmoja, au yakija kidogokidogo yakalala tu, chumvi itabaki kwenye sentimita zilezile ambazo mizizi inazihitaji.

Kwa hiyo ukisikia mjadala wa maji ya Rufiji, wa megawati, wa skimu mpya za Kilombero, usiulize tu meta za ujazo ngapi. Uliza pia yatafika mwezi gani, na yatakaa siku ngapi juu ya tope.